Mgeni Rasmi Ni Projekta

Umeamua kuwakusanya wachoraji wa kompyuta wa mji wako: wa katuni, wa michezo ya simu, wa ramani za nyumba, wa matangazo, pamoja na yule anayetengeneza kadi za harusi na kudhani hahusiki. Hongera. Sasa sikia sharti la kwanza, nalo halina mjadala: usialike mgeni rasmi.

Wanakamati watakununia. Watasema shughuli bila mgeni rasmi haina uzito, na kwamba kuna mkubwa fulani ambaye shemeji yake anamfahamu. Waache wanune. Nimekaa kwenye vikao vya namna hii Dar es Salaam miaka ya kutosha, najua kinachofuata. Mmekubaliana saa nane. Saa tisa na nusu mko nje mnachungulia barabarani. Akifika anatambulishwa, naye anawatambulisha aliofuatana nao, itifaki inazingatiwa, halafu anasoma kurasa sita kuhusu umuhimu wa TEHAMA kwa vijana. Anapigwa picha. Anaondoka kwa kuwa ana ratiba nyingine, na nusu ya ukumbi inamsindikiza hadi kwenye gari. Kijana aliyekesha siku nne akirenda, yaani akiiachia kompyuta ikokotoe picha moja moja, filamu ya sekunde arobaini anabakiwa na dakika saba na viti vitupu.

Mgeni rasmi wa kikao cha wachoraji wa kompyuta ni projekta. Huyo ndiye wa kutangulia ukumbini, wa kuandaliwa meza, wa kuulizwa hali yake kabla ya mtu mwingine yeyote. Mwalimu wa historia ukimnyima projekta atazungumza na mtamwelewa. Mchoraji wa kompyuta ukimpa projekta mbovu umemkata ulimi.

Siku moja dada mmoja alituletea filamu fupi ya mvuvi anayerudi usiku, karabai ikiwaka mbele ya mtumbwi. Kwenye laptopu yake uliona kila kitu: mwanga ukivunjikavunjika juu ya maji, mikunjo ya shati la mvuvi, hata samaki wawili watatu wakipita chini. Ukutani tuliona kidoa cha njano kinaelea gizani. Madirisha yalikuwa wazi, jua la saa tisa linaingia lipendavyo, na taa ya projekta ilikuwa imechoka. Dakika mbili nzima watu arobaini walitazama weusi, kisha wakapiga makofi ya adabu. Dada akafunga laptopu yake, akaenda kukaa. Ilikuwa kazi ya miezi mitano. Kosa lilikuwa letu sisi waandaaji, na tangu siku ile siruhusu mtu aingie ukumbini kabla sijamaliza haya yafuatayo.

Nunua kaniki. Si pazia la maua, si mfuko wa sandarusi: kaniki, ile nyeusi tii, mita za kutosha madirisha yote, na pakiti mbili za vibanio vya nguo. Ni matumizi ambayo kikundi hakitayajutia kamwe. Kisha tengeneza picha ya majaribio yenye vipande kumi vilivyopangwa kutoka nyeusi tii, kupitia kijivu, hadi nyeupe pe. Itupe ukutani. Vipande vitatu vya upande wa giza vikiwa vimeungana na kuwa kimoja, ingia kwenye menyu ya projekta urekebishe mpaka vitengane. Projekta nyingi za maofisini na vyuoni zimewekwa kwa ajili ya maandishi meusi juu ya nyeupe, na humo ndani kuna mpangilio wa sinema ambao hakuna aliyewahi kuugusa tangu zinunuliwe. Uguse wewe.

Tazama na umbo. Projekta kuukuu ina nukta 1024 kwa 768, yaani upana wa nne kwa kimo cha tatu. Filamu za leo ni kumi na sita kwa tisa. Ukikuta wahusika wamekuwa warefu na wembamba kama milingoti, kuna mtu amelazimisha picha ijaze ukuta. Rudisha, ukubali michirizi myeusi juu na chini. Mchoraji amepima uso wa mhusika wake kwa wiki nzima. Huna ruhusa ya kuuvuta.

Mengine ni mafupi. Siku tatu kabla, muulize kila msemaji laptopu yake ina tundu gani, kisha beba adapta zote hata kama amekuhakikishia. Filamu iwe ndani ya laptopu na kwenye flashi. Mtu asikwambie ataicheza moja kwa moja kutoka intaneti, kwa sababu bando litaisha kwenye sekunde ya tisa. Jenereta ijaribiwe ikiwa imebeba projekta, spika na feni, si ikiunguruma peke yake uani. Nyaya za sakafuni zibandike kwa gundi ya karatasi, maana watoto watakuja, na ni vizuri waje.

Tukishamaliza kumpokea mgeni rasmi, tuje kwa msemaji.

Vikundi vingi hufa hapa, na hufa kwa heshima. Kamati inamtafuta mtu mwenye jina, inamwomba wasifu, inautangaza kwenye bango lenye picha yake amekunja mikono. Siku ikifika anaonyesha kazi zake bora kwa dakika tatu, na dakika hamsini zinazobaki anaeleza alivyoanza maisha, alivyokatishwa tamaa, asivyokata tamaa. Watu wanatoka wamefurahi na hawajui kufanya jambo jipya hata moja. Mwezi wa pili wanakuja nusu.

Usimwombe wasifu. Mwombe faili. Nasema faili la kazi yenyewe, la Blender au la programu yoyote anayotumia, likiwa na tabaka zake zote, taa alizozizima, majina ya ovyo aliyoyapa vitu saa tisa usiku, na mti wa majaribio aliousahau nyuma ya nyumba. Aanze kwa kutuonyesha kazi iliyokamilika, mara mbili mfululizo bila maelezo. Kisha afungue faili mbele yetu, azungushe, azime taa moja moja tuone kila taa ilikuwa inafanya nini. Na atuonyeshe mahali palipomshinda. Hilo nalidai kwa kila msemaji, awe mwanafunzi au bingwa: tuletee kitu kimoja kilichoharibika na utueleze kiliharibikaje. Anayekataa hilo mshukuru kwa upole, umtafute mwingine.

Hata hao wakubwa wa kazi hii hawakukua kwa njia nyingine. Mkutano wa kwanza wa SIGGRAPH, ule wa wataalamu wa picha za kompyuta, ulifanyika Boulder, Colorado, mwaka 1974, ukapata watu kama 600. Baadaye ulijaza kumbi za maelfu na kuzaa vikundi vya miji kama London, Paris na Vancouver, lakini kilichowavuta watu ni picha, pamoja na mtu aliyekuwa tayari kusema ameitengenezaje. Mwaka 1980 Loren Carpenter, wakati huo mwajiriwa wa Boeing, aliwaonyesha Vol Libre: dakika mbili za kuruka juu ya milima ambayo haikuchorwa na mkono wa mtu, imezalishwa kwa hesabu tupu. Alieleza na hesabu zenyewe. Siku hizohizo akapata kazi Lucasfilm. Hakuna mkubwa aliyemwombea.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha mkutano huohuo, mwaka 1986, Dallas. John Lasseter wa Pixar alionyesha Luxo Jr., filamu ya taa mbili za mezani, kubwa na ndogo, na mpira. Baada ya onyesho akafuatwa na Jim Blinn, mmoja wa mabingwa wa hesabu za picha duniani, akaambiwa kuna swali. Lasseter akajiandaa kuulizwa kuhusu kanuni ya vivuli. Blinn akataka kujua kama ile taa kubwa ni mama au ni baba. Lasseter amekisimulia kisa hicho mara nyingi, kwa kuwa ndipo alipojua kwamba filamu yake imefanikiwa.

Sisi swali letu la namna hiyo liliulizwa na mama ntilie aliyekuja kutuletea chai. Kijana mmoja alikuwa mbele anaonyesha daladala lake: gari limekwaruzika palepale linapokwaruzika la kweli, vumbi linatimka, magurudumu yanazunguka kulingana na mwendo. Mlangoni konda ananing'inia, mkono mmoja umeshika bomba, mwingine unapiga bodi. Tulikuwa tumeshazama kwenye maswali ya vumbi, linarendwaje na linakula muda gani. Mama akasimama na sinia lake, akatazama ukutani kwa makini.

"Mwanangu," akasema, "huyo konda wako mbona hana hela vidoleni?"

Ukumbi ulilipuka. Ni kweli tupu. Konda wa Dar es Salaam hukunja noti kwa urefu, akazibana katikati ya vidole kama kadi, na sarafu anazichezesha kiganjani ili abiria asikie kwamba nauli inadaiwa. Sisi sote tuliopanda daladala asubuhi hiyohiyo hatukuliona. Kijana akajibu, "Nimekuelewa, mama. Nitamrekebisha."

Mwezi uliofuata akarudi na konda mwenye noti, na akaeleza kilichomkuta. Mkono alioutengeneza mwanzo ulikuwa na mifupa ya kufumba na kufumbua tu, vidole vinne vinakwenda pamoja kama mlango. Noti haiwezi kukaa kati ya vidole vya mkono wa hivyo. Ikabidi aufumue, akipe kila kidole mifupa yake mitatu, aanze upya kugawa ngozi ifuate mfupa upi. Alipofikiri amemaliza, kila konda akipiga bodi noti zilipenya nyama zikatokea upande wa pili. Wiki mbili zilikwenda kwenye vidole vinne. Alituonyesha matoleo yote mabovu, moja baada ya jingine, na watu waliketi saa nzima bila kugusa simu. Mpaka leo mtu akisumbuliwa na mifupa ya mhusika, kwetu husema amefika kwenye mkono wa konda.

Kwa hiyo waite na wasiochora kwa kompyuta. Mwite fundi wa bodi za magari aseme chuma hujikunja vipi kinapogongwa. Mwite fundi cherehani aeleze kwa nini kanga haianguki mwilini kama shuka. Na ukiwa Dar es Salaam, mwite mchoraji wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora katika mji huu mwaka 1968, akafariki mwaka 1972, na katika miaka hiyo michache aliacha njia ya kuchora inayolisha familia nyingi hadi sasa. Wakenya waliitengenezea katuni Nairobi, Tinga Tinga Tales, iliyoanza kurushwa mwaka 2010. Mketishe mchoraji wa namna hiyo mbele na ubao wake na rangi zake za kung'aa, karibu yake mketishe kijana wa kompyuta. Mzee atapaka usuli kwanza, ataacha ukauke, ndipo aweke mnyama, ndipo madoadoa. Kijana ataziona tabaka za programu yake zikifanywa kwa brashi. Kisha mwulizeni mzee kwa nini chui wake anaonekana hata ukiwa ng'ambo ya barabara, na mtasikia somo la rangi na ukingo ambalo baadhi yenu mlilipia ada bila kulipata.

Lugha iwe Kiswahili, bila kuombana radhi. Nimemwona mtu aliyekuwa anacheka na kueleza vizuri kwenye benchi la nje, akishika kipaza sauti anahamia Kiingereza na kukauka kama mti. Mwambie mapema kwamba anaruhusiwa kusema mifupa, ngozi, kivuli laini, mwanga unaodunda kutoka ukutani. Kurenda limeshakuwa neno letu, linanyambuliwa vizuri: nimerenda, imerendwa, haijarendeka. Mwanafunzi wa kidato cha pili aliyekaa nyuma atauliza swali kwa Kiswahili, na maswali ya wanafunzi wa kidato cha pili ni mazuri sana.

Mada usizisake mbali. Hesabu hii peke yake ni kikao kizima: filamu ya sekunde 40, kila sekunde fremu 24, ni fremu 960. Kila fremu ikila dakika nne, ni saa 64 za kompyuta kutozimwa. Nani kati yenu anao umeme wa saa 64 bila kukatika? Basi mwiteni mtu aeleze kwa nini tunarenda picha moja moja na kuziunganisha mwishoni, badala ya kuiambia programu itoe video moja kwa moja. Umeme ukikatika kwenye fremu ya 700, mwenye picha moja moja anaendelea na ya 701, na mwenye video anaanza na kilio. Nimeona watu wazima wakishika kichwa waliposikia jambo hilo kwa mara ya kwanza.

Siku ambayo msemaji amekuangusha, usiahirishe. Onyesha Big Buck Bunny, ile ya sungura mnene ya mwaka 2008. Taasisi ya Blender iliitoa kwa leseni inayoruhusu kuionyesha hadharani mradi uwataje wenyewe, ikatoa na mafaili ya kazi. Pakua mapema, fungueni faili la sungura, mtu mmoja ashike kipanya na wengine waamuru. Usionyeshe filamu ya wizi. Hatuwezi kulia kazi zetu zinaibwa huku tukitumbuiza kwa za kuibwa.

Pesa. Kwetu mtu akisikia neno kikao anauliza posho. Jibu mapema na kwa sauti: hakuna posho ya kukaa. Msemaji apewe nauli ya kwenda na kurudi, na anayetoka Morogoro au Zanzibar apewe na pa kulala. Wengine wachange. Tusijifanye hatuwezi, sisi tunaochangia harusi za majirani wa binamu zetu. Mwaka 2002 Blender yenyewe ilikuwa inakufa, kampuni iliyokuwa nyuma yake imefungwa. Ton Roosendaal, mwanzilishi wake, aliwaomba watumiaji wachange euro 100,000 ili programu ikombolewe na kuachiwa watu wote bure. Zilipatikana kwa wiki saba, na tarehe 13 Oktoba mwaka huo ikaachiwa. Flow, filamu ya paka kutoka Latvia iliyopata Oscar mwaka 2025, ilitengenezwa kwa programu hiyohiyo. Kila mchoraji wa Tanzania anayeitumia bila kulipa anakula mchango wa watu asiowajua. Elfu mbili ya kaniki na chai haitamshinda.

Na chai iwepo, ya tangawizi, na mihogo au sambusa, iletwe katikati ya kikao na si mwishoni. Chai ya mwishoni watu huinywa na kuondoka. Ya katikati huwafanya watu wageuze viti na kuonyeshana simu. Fani yetu inadaiwa na chai tangu zamani. Mwaka 1975, katika Chuo Kikuu cha Utah, Martin Newell alikuwa anatafuta umbo la kujaribia programu yake. Wakiwa wanakunywa chai, mkewe akamshauri achukue vyombo vilivyokuwa mezani. Akalichora birika kwenye karatasi, akaingiza vipimo, na tangu hapo birika lile limekuwa jiwe la kunolea la wachoraji wa kompyuta wa dunia nzima. Lenyewe, la kweli, limetunzwa katika jumba la makumbusho ya kompyuta huko California. Kila mwanachama mpya kwetu hutengeneza birika. Wengi huanza na mpini, wakagundua kwamba kazi ngumu ni pale mdomo unapoungana na tumbo.

Kuhusu saa nina neno moja. Anza Jumamosi saa tisa alasiri kamili hata kama ukumbini mpo wanne, na uwaruhusu watu kabla ya Magharibi. Ukichelewesha, wa kwanza kupotea ni akina dada, maana ndio wanaopigiwa simu na nyumbani giza likiingia. Na kwa kuwa nimewataja akina dada: yule wa karabai alirudi baada ya miezi mingi. Tulifunika madirisha yote, tukapima vipande kumi vya kijivu, tukaicheza filamu yake upya. Sekunde ya thelathini mtu wa mstari wa mbele akasema, "Kumbe kuna samaki!"

Kwa anayeanza: tafuta watu wanane, ukuta mmoja mweupe, na projekta ya kuazima. Ya nani azungumze yasikutese. Zungumza wewe mwezi wa kwanza, na ufungue faili lililokushinda. Nasi tuliokwisha kuanza, kaniki tunazo za kukuazima.